Kwangua Kabla ya Kutupa

"Kwangua kabla ya kutupa." Mama yenu kasema hivyo nanyi mmecheka, mkidhani anazungumzia ukoko wa sufuria. Sio ukoko, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia hapa hapa Tukuyu, na ilianza hivi.

Kila mwaka mvua zikishika, vijana walishindana kupanda kilima kwa pikipiki. Udongo wetu ukilowa huteleza kama mlenda, kwa hiyo ushindi ulikuwa kwenye tairi. Kila mwendeshaji alichoma alama yake ubavuni mwa tairi kwa chuma cha moto, ili lisichukuliwe na mwingine. Alama ya Gwamaka, bingwa wetu, ilikuwa misalaba miwili. Tairi lake likishakuwa gumu na kuanza kung'aa, alilitupa nyuma ya banda la fundi Anyosisye, hapa stendi.

Fundi huyo alikuwa mkimya, mtu wa kuja, na hakuna aliyejua ukoo wake. Mimi nilichoma ndizi mbele ya banda lake. Nilimwona akifunga mlango mchana kweupe, kisha nikasikia kitu kikikwaruzwa ndani. Nikajiuliza, mtu mwema hufunga mlango mchana kwa nini?

Siku moja Ipyana, kijana aliyekuwa hajawahi kufika hata nusu ya kilima, alipanda mpaka juu. Gwamaka, na matairi yake mapya, aliteleza mara mbili akaangukia mtaroni. Nikatazama gurudumu la Ipyana, nikaona misalaba miwili. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Gwamaka.

Kesho yake asubuhi waendeshaji wote walijaa bandani, pamoja na mwenyekiti wao, mzee Mwakatobe.

"Fundi, tairi langu jipya limefikaje kwa Ipyana?" Gwamaka aliuliza.

"Si jipya, kaka. Ulilitupa mwenyewe."

"Nililolitupa lilikuwa gumu kama kwato! Unatubadilishia. Mazuri unawapa watu wako, sisi unatufungia makapi."

"Afungashe!" wakapiga kelele. "Leo leo aondoke stendi! Arudi alikotoka!"

Mzee Mwakatobe akainua mkono. "Fundi, mlango unaufunga kwa nini?"

Anyosisye alinitazama mimi. "Nikikwangua matairi mliyoyatupa, vumbi la mpira linaruka. Mama huyu anauza chakula. Nafunga lisimwangukie kwenye ndizi."

Nikaangalia chini.

Akamwambia Gwamaka achague tairi lolote katika yale aliyoyatupa. Gwamaka akavuta moja, akaikagua misalaba yake kwa muda mrefu, akitafuta hila. Fundi akachukua kipande cha msumeno, akakwangua nusu moja tu. Ile ngozi inayong'aa ikatoka vipande vipande, na chini yake mpira ukaonekana mweusi, laini.

"Joto la msuguano linakausha juu tu," alisema. "Bonyeza."

Gwamaka akabonyeza upande wa zamani, ukucha ukateleza. Akabonyeza uliokwanguliwa, ukucha ukazama. Bado hakuamini. Akamwagia ubao maji, akaliburuta tairi juu yake. Upande mgumu ulipita kama sabuni. Upande ule mwingine uling'ang'ania mpaka ubao wenyewe ukaburutika.

"Loo!" mtu mmoja akasema. Wengine wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakitafuta njia.

"Simameni," alisema mzee Mwakatobe. "Tairi tumelielewa. Sasa huyu mtu. Tulikuja kumtupa. Nani kati yetu alikuwa amemkwangua kwanza? Nani amewahi kuingia humu na kumuuliza anafanya nini?"

Hata mimi, niliyekaa mbele ya mlango wake mwaka mzima, sikuwahi.

Siku hiyo nililibeba jiko langu mwenyewe, nikalihamishia upande wa pili wa barabara, ili afanye kazi mlango ukiwa wazi. Na tangu hapo, mtu akisema hapa stendi, "Fulani simwelewi, afukuzwe," huambiwa: kwangua kabla ya kutupa.