Farasi Aliyeandikwa Ng'ombe

Kisa kiko mlangoni, wanangu. Mwakiambiaje? "Kiingie, kikae!" Haya, kimeingia, kimekaa. Bismillahi.

Hapo kale, kale ya kale, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na mji uitwao Tumbwe. Watu wa Tumbwe walijua farasi. Ndivyo walivyosema wenyewe! Na walimjuaje? Kwa fimbo. Kila mwaka, mfungo ukikaribia, msimamizi wa farasi, Mwinyi Shekuwe, hutoka na fimbo yake ya mpingo, akaisimamisha kando ya bega la mnyama. Bega likifika ncha ya fimbo, huyo farasi, na mwandishi wake humwandika daftarini. Lisipofika, si farasi, na atolewe nje ya ukuta wa mji, aonane na fisi. Hawatazami kifua. Hawatazami mguu. Fimbo tu! Na hao ndio wajuzi.

Basi alikuwapo mjane, Bi Tima, mchoma chokaa. Alikuwa na dume moja la farasi, ndilo lililombebea mawe na kuni tangu mumewe afariki. Jina lake Kinu. Na kinu kweli, wanangu: mfupi, shingo nene, kifua kipana, mgongo mfupi, miguu mifupi yenye mifupa minene, na manyoya yamefunika kwato. Miaka miwili, kila siku ya kupima, Bi Tima alimficha nyuma ya tanuri. Mwaka wa tatu mvua ikabomoa tanuri, Kinu akawa peupe.

"Bi Tima, hiki nini?" akauliza Mwinyi Shekuwe.

"Farasi, Mwinyi."

"Farasi! Jamani, njooni mwone farasi! Nusu ya miguu ameisahau tumboni kwa mamaye?"

Watu wakacheka, kwa kwa kwa!

"Mtazame kifua, Mwinyi. Mzigo hauvutwi kwa urefu."

"Wewe mwenye chokaa masikioni ndiye utakayenifundisha farasi? Kesho asubuhi, nje ya ukuta!"

Nanyi msicheke, maana mimi ningecheka pale kuliko wote. Utotoni nilimcheka mwenzangu kwa miguu yake, akaacha kuja chuoni kusoma Kurani. Mungu anisamehe, sijawahi kumwomba radhi.

Asubuhi Bi Tima akamtoa Kinu, amemshika shingo. Kufika langoni, njia imezibwa! Jiwe la kizingiti kipya cha msikiti, likiletwa mjini, limezama matopeni, na Jumbe, mkuu wa mji, amesimama hapo amekunja uso. Farasi warefu wa Mwinyi Shekuwe wamefungwa kamba. Wakavuta, wakateleza. Wakavuta, wakateleza. Vile viguu vyao vyembamba kama njiti! Mmoja akalala chini kabisa, akakataa kuinuka.

Bi Tima akapiga goti. "Jumbe, Kinu akilitoa, abaki nami?"

Mwinyi Shekuwe akaangua kicheko. Jumbe akasema, "Abaki."

Bi Tima akamvika Kinu kamba za makumbi ya nazi kifuani, akamnong'oneza, "Vuta, baba." Kinu akainama, tumbo likakaribia tope. Akavuta. Jiwe kimya. Akavuta. Jiwe likaguna. Akavuta, akavuta, wanangu, akavuta, nalo likatoka mpaka mlangoni pa msikiti!

Jumbe akageuka. "Mwinyi Shekuwe, huyu farasi au si farasi?"

Mwinyi Shekuwe akaja na fimbo. Akapima kulia, akapima kushoto. Neno moja tu, "nimekosea," lingetosha. Likamshinda!

"Si farasi, Jumbe. Fimbo haijapata kukosea."

"Lakini nimeahidi atabaki."

"Basi, mwandishi... mwandike ng'ombe."

Na wale wazee, wenye vilemba na tasbihi, wakaitikia, "Ng'ombe! Ng'ombe huyo!" Hawakuona haya.

Bi Tima moyo ukamchemka. Alitaka kupiga kelele. Akawakumbuka fisi, akameza. Akampangusa Kinu tope la kifuani, kisha akasema kwa adabu zote:

"Ahsante, Mwinyi. Ni ng'ombe. Basi kesho alfajiri njoo na kibuyu chako, umkamue mwenyewe."

Mji mzima ukacheka, na safari hii hawakumcheka Kinu.

Wanangu, Mungu kampa kila kiumbe umbo la kazi yake. Ukimkosea mtu, sema umekosea, upesi, kabla hujamwita farasi ng'ombe. Mimi nimechelewa.

Kisa kimeinuka, kimejikung'uta vumbi, kimekwenda zake. Kiageni.