Mtoto wa Ghalani Apewe Jina la Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nimewaletea kesi iliyowashinda wenyewe, na mimi pia imenishinda. Nitaisema kama ilivyokuwa, kisha nitanyamaza, nanyi mtaamua.

Milimani Upare, katika kijiji cha wakulima wa tangawizi, aliishi mwanamke aitwaye Eliwaza, mke wa Mbonea. Mtoto wao wa kwanza alikuwa binti, Nakundwa, aliyezaliwa na hali ambayo madaktari huiita sindromu ya Down. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea. Ulimi wake ulikuwa mzito, na masikio yake hayakushika vizuri sauti za watu. Majirani walimpa Eliwaza pole kana kwamba amefiwa.

"Huyo ni wa kulea tu," walimwambia. "Mlishe, mvishe, mfungie mlango asipotee."

Na Eliwaza alifanya hivyo. Kila alipokwenda shambani alimfungia ndani, akaondoka na moyo mzito, akarudi mbio.

Lakini walikuwako wanawake watatu waliokataa.

Wa kwanza alikuwa Shangazi Navoneiwa, dada yake Mbonea. Kipaji chake kilikuwa kutochoka. Yeye ndiye aliyeona kwamba Nakundwa akishika kitu hukisogeza hadi puani ndipo akitambue.

"Wifi," alisema, "mtoto huyu haoni vizuri."

"Ndiyo hali yake, wifi. Ameumbwa hivyo."

Shangazi hakubishana. Alimweka mgongoni, msichana mkubwa wa kuning'iniza miguu, akateremka naye hadi hospitali ya mjini. Akaambiwa mtaalamu wa macho hayupo, arudi. Akarudi. Akaambiwa miwani ya kipimo kile haijafika, arudi. Akarudi tena, mvua ikinyesha. Siku Nakundwa alipovishwa miwani, aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akacheka. Kisha akamshika shangazi yake uso kwa mikono miwili, akawa anagusa makunyanzi yake, moja baada ya jingine, kama anayesalimiana nayo.

Wa pili alikuwa Mwalimu Stamili, mwenyeji wa Pangani aliyepangiwa shule ya kijiji. Kipaji chake kilikuwa kubadili njia. Alianza na ba, be, bi, kama anavyowafundisha wengine, lakini sauti zile zilimpita Nakundwa. Wenzake wakamwambia asijisumbue. Yeye akauliza kwa wanaojua, akasoma, akafahamu kwamba watoto wengi wa hali ile hukishika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Basi akakata maboksi, akatengeneza kadi. Huku picha ya bibi yake Nakundwa, huku neno BIBI. Huku mtungi, huku neno MAJI. Alimfundisha neno zima kwa sura yake, kama mtu anavyoujua uso wa ndugu. Baadaye akaongeza LETA, PELEKA, NJOO, ITA. Wanafunzi wengine wakishakwenda kwao, wao wawili walibaki darasani, na neno likishikika Nakundwa alilisema kwa ulimi wake mzito, akajipigia makofi mwenyewe.

Wa tatu alikuwa Bibi Namsifu, mama yake Mbonea, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kidogo, ng'ambo ya migomba. Kipaji chake kilikuwa kuamini watu. Alipoziona kadi zile alisema, "Neno lisilokwenda kazini ni pambo." Akaanza kumtuma mjukuu wake kwa kadi. LETA CHUMVI. Nakundwa anasoma, anapanda kwa mama yake, anashuka na chumvi. PELEKA NDIZI. Anapeleka. Mwanzoni Bibi alimfuata kwa kujificha nyuma ya migomba, baadaye akaacha.

Eliwaza alikuja juu. "Mama, utanipotezea mtoto! Korongo liko pale pale!"

"Akipotea nitamtafuta," Bibi alimjibu. "Lakini akipotelea ndani ya nyumba, mwanangu, nani atamtafuta?"

Eliwaza alinuna, ila hakumfungia tena.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Ilikuwa masika, mvua haina breki. Eliwaza alikuwa na mimba, mwezi wake umefika. Mbonea alikuwa ameteremsha mzigo wa tangawizi mjini. Mchana ule Eliwaza aliingia ghalani kuigeuza iliyobaki isije ikaoza. Ghala lenyewe lilikuwa la mawe, limejengwa ubavuni mwa mlima, mbali kidogo na nyumba. Mlango wake wa bati zito ulifungukia nje.

Alikuwa ameinama aliposikia ardhi ikikohoa. Mlango ukajibamiza, giza likaingia. Aliposukuma, mlango haukutikisika hata kidogo. Mlima ulikuwa umemeguka, na udongo umeuegemea mlango hadi kiunoni.

Alisukuma kwa mabega. Alisukuma kwa mgongo. Kisha maji yakamtoka, yakamwagika miguuni, na uchungu wa kwanza ukamkamata.

Palikuwa na kidirisha kimoja, chenye nondo, upana wa uso wa mtu. Alikwenda hapo akapiga kelele. Mvua juu ya bati ilikuwa inanguruma kiasi kwamba hata yeye hakujisikia. Akapiga kelele mpaka koo likakauka. Nje palikuwa na mvua tu, na migomba inayoinama. Harufu ya tangawizi ilimkaba. Uchungu ulikuja, ukaenda, ukaja tena kabla hajapumua vizuri. Kuta zile alizozijua tangu alipoolewa alihisi zinamsogelea.

Ndipo Nakundwa alipotokea, amejifunika gunia kichwani, anamtafuta mama yake. Aliuona uso dirishani, akafurahi.

"Nakundwa! Kimbia! Mwite Bibi!"

Mtoto hakusikia. Alitabasamu, akapunga mkono.

Eliwaza akapunga kwa nguvu, akionyesha kule chini. Nakundwa naye akaonyesha kule chini. Eliwaza akapiga nondo kwa ngumi. Nakundwa akapiga ukuta kwa ngumi, akacheka. Alidhani ni mchezo. Mama alitoa mkono nje, mtoto akaushika, akaubusu. Hapo Eliwaza alilia. Mwanawe yuko umbali wa mkono, na ni kama yuko nchi nyingine.

Uchungu ulipomwachia, alikumbuka kalamu nene waliyoandikia majina kwenye magunia. Aliipapasa gizani hadi akaipata. Akachana boksi, akaandika: NENDA UKAWAAMBIE WATU MAMA AMEFUNGIWA GHALANI. Akalibandika kwenye nondo.

Nakundwa alifuta miwani yake kwa kidole. Akatazama kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa, midomo ikaanza kutetemeka.

"Siyo hivyo," Eliwaza alijiambia. "Siyo hivyo. Anajua yapi? Ee Mungu, mwanangu anajua maneno gani?" Na alitamani angekuwa amekaa hata siku moja darasani kwa Mwalimu Stamili, aone. Maana hakuwahi kukaa.

Akageuza boksi. Akaandika maneno mawili, makubwa.

Nakundwa alisogea. Akaweka kidole kwenye la kwanza. Eliwaza aliisoma midomo yake: *Ita*. Kidole kikahama. *Bibi*.

Mtoto alimtazama mama yake. Hakucheka tena. Aligeuka, akaishika njia ya migombani, gunia likamdondoka kichwani, naye hakurudi kuliokota.

Kilichobaki ni kungoja. Eliwaza alipiga magoti juu ya magunia, akang'ata kitambaa. Akiwaza mtoto amefika, alimwona kwa mawazo ameanguka korongoni. Akiwaza ameanguka, alimwona amesimama migombani anacheza na maji. Hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa amefungiwa na mlango, amefungiwa na mvua, na mwili wake mwenyewe ulikuwa umemfungia kazi isiyosubiri. Alisukuma, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya ila kusukuma.

Kisha akasikia jembe likigonga jiwe.

Bibi Namsifu, aliyevutwa mkono na Nakundwa hadi ghalani, alikuwa amepiga yowe kijiji kizima. Wanaume walichimba, mlangoni pakapatikana mwanya, muuguzi wa zahanati akapenya kwa ubavu. Mtoto wa kike alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, wa buluu, kimya. Muuguzi alikitegua, akamsugua, akamgeuza. Kimya. Akamsugua tena. Mtoto akapiga chafya, ndipo akalia.

"Mngechelewa kidogo tu," muuguzi alisema akijifuta jasho, "ningewakuta wote wawili wamekwisha."

Siku ya kumpa mtoto jina, Mbonea alisema mbele ya watu: "Mimi sikuwapo. Mama yake ndiye aliyekuwa ndani, yeye ndiye atakayetaja. Mtoto atachukua jina la aliyewaokoa. Na jina ni moja. Kwetu mtoto haitwi kama orodha ya wageni."

Watu wakacheka. Eliwaza hakucheka.

Shangazi Navoneiwa, ambaye hakujaliwa kuzaa, alisema taratibu: "Wifi, sikushurutishi. Lakini bila miwani ile, mtoto angeona boksi tupu lenye uchafu. Na mimi sina mwingine wa kuliendeleza jina langu."

Mwalimu Stamili alisema: "Miwani huonyesha alama, haisemi maana yake. Mimi nimepata uhamisho, mwisho wa mwezi naondoka. Ningefurahi kujua kwamba kuna mtu huku anaitwa kama mimi."

Bibi Namsifu alisema: "Aliona, akasoma, sawa. Wangapi husoma wakabaki wamesimama? Nani alimzoesha kwamba neno likisomwa, miguu iende? Nanyi mnajua mimi si wa kungoja mjukuu mwingine."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na ukimtoa mmoja tu kati yao, mama na mtoto wangezikwa pamoja.

Ndipo jirani mmoja, kati ya wale waliokuwa wakisema *mfungie mlango*, akauliza kutoka nyuma: "Na Nakundwa mwenyewe? Nani aliyekimbia mvuani?"

"Nyumba moja, Nakundwa wawili?" mwingine akamjibu. "Tukiita, atakuja yupi?"

"Basi aulizwe yeye achague."

"Umtwishe mtoto mzigo uliowalemea watu wazima?"

Eliwaza aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Akimtaja shangazi, atamtoa mwalimu machozi. Akimtaja mwalimu, atamkosea mkwe aliyemrudisha duniani. Akimtaja mkwe, atamzima wifi ambaye hana mwingine wa kuliendeleza jina lake. Akimtaja Nakundwa, atakuwa amewakwepa wote watatu, nao watajua kwamba amewakwepa. Jasho lilimtoka kama siku ile. Lakini safari hii hapakuwa na dirisha wala mtu wa kumwandikia. Mtoto alikuwa mapajani mwake, macho wazi, hana jina. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomo.

Mimi naishia hapo. Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma: aliyempa macho, aliyempa maneno, aliyempa njia, au aliyekimbia? Mtoto analia, anataka kuitwa. Je, wewe ungeamua vipi?