Mpapai Mzazi wa Hiza

"Mpapai mzazi una jirani."

Maneno hayo aliyasema Bibi Staamili akiwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, wala hakuinua uso. Mjukuu wake Shaweji alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni na habari moja tu: amefunga mabao manne katika mechi ya mabweni. Aliisimulia asubuhi, akaisimulia mchana, na sasa alikuwa anaanza upya. Binamu yake Mbaruku, aliyecheza timu hiyohiyo asifunge hata moja, alikuwa kimya akila papai.

"Bibi, mpapai umeingiaje kwenye mpira?" Shaweji akauliza.

"Kwanza niambie, mzazi ni nani?"

"Si baba na mama?"

"Hao pia. Lakini hata kuku atagaye bila likizo ni mzazi, na mti uzaao mpaka ukaomba kuegemezwa nguzo ni mzazi. Sasa funga mdomo nikueleze maneno haya yalivyoanza."

Na methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwamapera alikuwako bwana mmoja aitwaye Hiza, mwenye mpapai uani kwake. Mapapai yalijipanga kwenye shina kutoka shingoni hadi kiunoni, yakisukumana kama wanafunzi kwenye dirisha la chakula. Watu walikuja kuutazama, wakaupa jina: Mzazi. Hiza, ambaye mchango wake katika jambo hilo ulikuwa kulala kivulini, akaanza kutembea kifua mbele na kupokea pongezi kana kwamba amezaa yeye.

Ng'ambo ya ua alikaa mjane, Bi Mwantumu. Naye alikuwa na mpapai, lakini dume. Ulichanua maua mengi yaliyoning'inia kwa nyuzi ndefu, na haukuzaa hata tunda la kumdanganya ndege. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda, kwa hiyo aliufagilia chini kila asubuhi.

"Bi Mwantumu, mti gani huu?" Hiza alimwambia siku moja. "Unakunywa maji bure na kunimwagia takataka uwanjani. Mzazi wangu unaona haya kusimama nao."

Bi Mwantumu hakupenda ugomvi. Alikubali ukatwe, akaingia ndani ili asione. Hiza akauangusha, akaacha kisiki cha urefu wa goti.

Msimu uliofuata Mzazi ulichanua vizuri tu, kisha maua yakapukutika yote. Hiza hakuelewa. Akamwaga samadi, maua yakapukutika. Wazee wakamwambia apigilie msumari kwenye shina. Akapigilia, maua yakapukutika. Akaufunga kanga ya mkewe ili ukumbuke kuwa ni jike. Mkewe akaja juu, maua yakapukutika. Kila mtu kijijini alikuwa na sababu yake, na hapakuwa na sababu mbili zilizosalimiana.

Hatimaye mtu akauliza: nani ana kinyongo na mti ule? Macho yote yakavuka ua. Kabla wiki haijaisha, Bi Mwantumu alikuwa mchawi. Kisimani hakuitikiwa salamu. Watoto wakakatazwa kumchotea maji. Hiza alisikia kwamba mama huyo anafunga nguo zake ahamie kwa dada yake, na hakujua afurahi au alie. Bi Mwantumu ndiye aliyemkanda kwa maji moto alipougua surua utotoni. Lakini mti mzazi utagomaje bila mkono wa mtu? Akachukua jembe akafukue hirizi penye kisiki, na watu wakamfuata.

Alimkuta mjane ameketi mlangoni juu ya kitita cha nguo.

"Nimekuja kuchimba, Bi Mwantumu," Hiza alisema, akiitazama miguu yake mwenyewe.

"Chimba, mwanangu. Ukiikuta hiyo hirizi nipe niifunge magotini, yamenisumbua tangu masika."

Mtu mmoja alicheka, halafu akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Hiza akazunguka nyumba, akasimama ameduwaa. Kisiki kilikuwa kimechipua ubavuni. Machipukizi yalikuwa yamempita kimo, na maua yalining'inia kwa nyuzi zilezile ndefu. Nyuki walitoka humo, wakaruka ua, wakatua kwenye maua ya Mzazi. Hiza akawafuata kwa macho. Kule juu, chini ya majani machanga, palikuwa na vipapai vidogo kama vidole gumba.

"Haya yamechanua lini?" akauliza.

"Mwezi uliopita, baada ya mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungerudi na shoka."

Kisha mzee mmoja akakuna kichwa. "Ngojeni. Yaani huyu asiyezaa ndiye aliyekuwa akizalisha?"

"Basi Mzazi ni upi kati ya hii miwili?" akauliza mwingine, na ubishi ukaanza. Nasikia haujaisha hadi leo.

Hiza hakungoja jibu. Alilitupa jembe, akakibeba kile kitita cha nguo kichwani, mbele ya wote, akakirudisha ndani. Alipotoka akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Kesho nitaleta samadi."

"Ya Mzazi wako?"

"Ya jirani yake."

Bibi Staamili akagonga kifuu kwenye ukingo wa beseni.

"Shaweji, mabao yako manne. Mpira ulikuwa ukija wenyewe?"

Mbaruku akatema mbegu za papai kwa adabu kubwa.

"Alikuwa ananipasia... huyu," Shaweji akasema.

"Yote?"

"Moja nilifunga kwa kichwa, Bibi! Ilikuwa kona."

"Kona aliipiga nani?"

Shaweji alitazama dari, akatazama nazi, akamtazama Mbaruku. Kisha akaisogeza sahani ya mapapai upande wa pili wa mkeka.

"Mpapai mzazi..." akaanza kwa shida.

"Una jirani," akamalizia Mbaruku, na akachagua kipande kikubwa kuliko vyote.