Kidole Kwenye Paji la Nyati

"Tangu lini kiu ikapimwa kwa unene wa mapaja?"

Swali hilo liliulizwa barazani, zamani zile wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na mashemeji kama sisi. Aliyeuliza ni Pimbi, binti wa kule mwambani, kimo chake hakimfikii Nyati hata gotini. Aliyeulizwa ni Nyati mwenyewe, Mwenyekiti wa bonde zima. Nyati alijikuna shingo, akatazama pembeni kama aliyeitwa na mtu mwingine, akamwambia Kiboko aendelee na hoja yake.

Hoja ilikuwa fupi. Kiangazi kimekaza na chemchemi inatoa maji kwa kudondosha. Tangu enzi za mababu, anayefika kwanza huteka kwanza. Sasa Kiboko, ambaye alikuwa shemeji yake Nyati, msiniulize ilikuwaje, alitaka wenye misuli mikubwa watangulie kila siku, wawe wamefika au wamelala. Misuli, alisema, ndiyo inayoijenga nchi. Wadogo wangeteka jioni kile kitakachobaki, na kila mtu alijua kitakachobaki ni tope.

Wakubwa wakapiga makofi. Digidigi naye akapiga, kwa woga.

Pimbi hakupiga. Alikuwa akimwaza bibi yake, aliyebaki nyumbani na magoti yaliyokakamaa. Mto wa mbali bibi hawezi kuufikia, na tope halipikiki uji. Bila maji ya asubuhi, bibi yule asingeuona mwisho wa kiangazi. Jambo hilo barazani halikumhusu mtu.

Basi akasimama akabishana. Akasema msuli peke yake haujawahi kujenga hata banda la kuku. Usiposhikizwa kwenye mfupa, ni mnofu uliolala tu. Na mfupa bila kiungo ni gogo, haukunjiki wala haugeuki. Tena msuli unajua kazi moja, kuvuta. Kusukuma haujui, ndiyo maana mkono una msuli wa kuukunja na mwingine, upande wa pili, wa kuunyoosha. Kama hata msuli unamhitaji mwenzake wa upande wa pili, wakubwa wanawezaje kusema hawawahitaji wadogo?

Kiboko akajibu kwamba binti huyu inaonekana mwili amejifunzia kwenye bakuli la supu. Baraza likacheka, kwi kwi kwi, mpaka vumbi likatimka.

Nyati akajipiga paja, pa! "Unaliona hili, binti? Hili lilimtoa Tembo mtoni, tope limemfika kifuani. Kaa chini."

Pimbi akakaa. Mabishano alikuwa ameyashinda, kesi ameshindwa, na haikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea duniani.

Sasa desturi ya bonde lile ilikuwa hivi. Mwenyekiti husikiliza ameketi, lakini huhukumu amesimama. Atakalolisema akiwa kitini ni maongezi tu, halimfungi mtu. Na kabla hajainuka, aliyeshindwa humwekea kidole chenye mafuta ya mbarika kwenye paji la uso, kuonyesha kwamba hana kinyongo, na kidole hakitoki hapo mpaka Mwenyekiti awe amesimama wima. Zaidi ya hayo kulikuwa na nguzo katikati ya uwanja. Kivuli chake kikigusa kizingiti cha lango kabla Mwenyekiti hajasimama, baraza limevunjika, na hoja ya siku hiyo imekufa mpaka mvua zirudi.

Pimbi akakitazama kivuli. Kilikuwa kimebakiza kama upana wa mkeka.

Akamkumbuka tena bibi, safari hii si kwa huruma. Kila asubuhi yeye ndiye aliyemwinua kutoka kwenye kigoda. Mwanzoni alikuwa akimvuta mikono, anavuta, anavuta, na bibi hanyanyuki, anachofanya ni kugomba. Siku moja bibi akamwambia, "Niachie nafasi niiname, mjukuu wangu." Akapeleka kichwa mbele, kifua kikafuata mpaka kikawa juu ya vidole vya miguu, ndipo makalio yakaachana na kigoda. Tangu hapo Pimbi aliangalia kila anayeinuka kitini, mzee kwa kijana, na wote walianza na kichwa. Kichwa kisipotangulia, mapaja hayana la kufanya, yawe ya kuku au ya Nyati.

Akaomba kibuyu cha mafuta. Akaomba na kinu kipinduliwe mbele ya kiti ili apate pa kusimama. Akaletewa vyote, watu wakinong'ona kwamba kumbe ana adabu.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Umeona sasa?"

Pimbi akasema ameona. Akasema hukumu nzito namna hii itasimuliwa mpaka ng'ambo ya milima, na itakuwa aibu kwa bonde wakisikia kwamba Mwenyekiti aliinuka amejikunja, kama mtu anayeokota kunde shambani. Mkubwa huinuka mgongo wake umenyooka. Nyati akaona maneno hayo ni ya kweli kabisa, akashangaa kwamba hakuna aliyemwambia mapema. Akaubandika mgongo kwenye egemeo. Pimbi akashauri mikono ikunjwe kifuani, maana kujisukuma kwa mikono ni mambo ya wagonjwa. Mikono ikakunjwa. Miguu nayo ingependeza ikitangulizwa mbele, juu ya ngozi ya heshima. Kiboko mwenyewe aliinama, akaivuta miguu ya shemeji yake, akaipanga vizuri.

"Hivi?" Nyati akauliza.

"Kidevu juu kidogo, Mzee. Hapo. Hapo hapo usitikisike."

Akapanda juu ya kinu, akachovya kidole, akakiweka katikati ya paji la uso.

"Inuka sasa utuhukumu."

Nyati akainuka. Yaani, aliamua kuinuka. Mapaja yakajaa kama magunia ya mahindi, mishipa ikamtoka shingoni, kiti kikalia kri, kri. Makalio yakabaki yalipokuwa.

Akapumua, akajaribu tena. Kri, kri.

"Nani amenikalia?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kiboko akamzunguka, akachungulia nyuma, akachungulia uvunguni. "Hakuna mtu, shemeji."

"Mna hakika?"

"Kabisa. Ni hicho kidole tu."

Mkono mmoja wa Nyati ukaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye mkono wa kiti. "Mikono, Mzee," Pimbi akamnong'oneza. "Wote wanakuona." Mkono ukarudi kifuani. Kiboko akajitolea kumwinua kwa kumshika kwapani, Nyati akamkaripia kwamba yeye si mzigo wa kuni. Kidole kingeweza kusukumwa, na pengine kichwa kile kingeweza kukivunja, lakini kwa kufanya hivyo ingembidi ainamishe kichwa mbele ya pimbi, na hilo alilichukia kuliko alivyotaka kusimama. Kwa hiyo aliendelea kukaa na fahari yake, mapaja yakitetemeka, jasho likimtiririka mpaka puani.

Huko uwanjani kivuli kilikuwa kikitembea bila kumsubiri mtu. Mlinzi wake alikuwa Kanga. Kilipokigusa kizingiti akapiga kelele zake, kerere kerere kerere, akatangaza kuwa baraza limevunjika na hoja imekufa.

Pimbi akaondoa kidole, akakifuta kwenye leso yake, akashuka. Nyati akashusha pumzi, kichwa kikamwangukia mbele kwa uchovu, na papo hapo akajikuta amesimama. Wote wakamwona. Akajitazama miguu kwa muda mrefu.

"Umenipaka nini, binti?"

"Mafuta ya mbarika, Mzee. Yale yale ya siku zote."

Hakuamini. Kiboko akaitwa ayanuse, akayanusa, akatangaza kuwa ni uchawi mkali wa mwambani. Kuanzia siku hiyo mafuta yakapigwa marufuku barazani, na kinu pia. Hakuna aliyepiga marufuku kukaa mgongo umenyooka.

Asubuhi iliyofuata Pimbi aliwahi chemchemini, akajaza mtungi wake maji safi. Nyuma yake alikuwa Kiboko, akisubiri zamu huku amenuna. Digidigi akamfuata Pimbi njiani akamsihi amfundishe dawa ile. Pimbi akamkalisha juu ya jiwe, akamnyoosha mgongo, akamwekea kidole kikavu kisicho na chochote. Digidigi akajikakamua mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

Ninachowaambia ni hiki: mwenye nguvu asiyejua mwili wake unavyoinuka, hata kidole cha mdogo kinatosha kumkalisha.

Nawe uliyekaa hapo karibu na mtungi, ukishakunywa, naomba umpitishie kata aliye nyuma yako.