Matanga ya Nyevu, Akiwa Hai

Kabla sijafungua mdomo vizuri: nani hapa amekula?

Inueni mikono tuone. Wewe wa nyuma, usiinue nusu, chai kavu si chakula. Haya, sogezeni hayo magogo, moto usituzimikie. Nikiita, itikieni kwa tumbo hilo hilo mlilo nalo.

Paukwa!

*Pakawa!*

Hiyo ni sauti au mnahema? Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nini? Pakawa na kijiji kilichopenda muziki kuliko kilivyowapenda wanamuziki. Ala, mnacheka? Ngojeni.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walikuwa bado wanakaa kikao kimoja na kukatizana maneno, kulikuwa na kijiji kinaitwa Mwandoni. Watu wa Mwandoni walijua kucheza, bana. Ngoma ikilia, bibi aliyelazwa na mgongo anaamka, anatafuta leso, anasema mgongo utauma kesho.

Mpiga muziki walimwita fundi. Na juu ya fundi walikuwa na desturi moja: fundi hali tangu siku moja kabla ya harusi mpaka ngoma iishe. Eti akishiba, vidole vyake vinalala. Eti akila kabla ya ngoma kwisha, ndoa ya watu inavunjika. Kwa hiyo walimpa tembo la mnazi tu, alainishe koo, juu ya tumbo tupu. Na ngoma inaisha lini? Mpaka mchezaji wa mwisho aketi chini, hata ikiwa siku ya tatu. Watoto wa Mwandoni walikuwa na wimbo wao wa kurukia kamba. Mimi naimba, nyinyi mnaitikia:

Fundi anakula lini?
*Ngoma ikiisha!*
Ngoma inaisha lini?
*Fundi akiisha!*

Watoto waliimba huku wanacheka. Watoto hawana kosa, wimbo waliukuta.

Kwanza alikuwepo Mangale wa nzumari. Kijana mdogo, ndevu zake unazihesabu ukiwa umesimama mbali. Akipuliza ile nzumari, mkwe na mama mkwe wanapatana. Harusi ikaja. Mangale akapuliza, wakacheza. Akapuliza, wakacheza. Akapuliza, wakacheza. Akaanguka, hakuinuka.

Kijiji kikalia! Ng'ombe akachinjwa, wali wa nazi ukapikwa, na Mangale akachongewa kigango, ile nguzo ya mti yenye kichwa na mabega kama mtu. Kikasimamishwa pembeni ya uwanja. Na hapo kuna desturi ya pili, ishikeni: kwenye matanga, sahani ya kwanza ni ya marehemu. Imejaa, nyama imekaa juu ya wali, inawekwa chini ya kigango, na hakuna binadamu anayeigusa.

Hakuna binadamu, nimesema. Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi alikuwa Fisi.

Nani alimchagua? Msiniulize mimi. Mimi nina joho la chuo nafunikia vifaranga, na sijaitwa hata mahojiano. Fisi hajui A wala B, na ni mwenyekiti. Akasimama mbele ya watu, akajifuta chozi ambalo halikuwepo, akasema:

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu waombolezaji, fundi wetu ameacha pengo lisilozibika. Gone too soon!"

Kile Kiingereza kilipotoka, hata wasiokielewa walilia zaidi. Hasa wasiokielewa. Kisha Fisi akainama kwa wapishi, akanong'ona: "Nyama imeiva?"

Akafuata Ngowa wa msondo, aliyekuwa akipiga ngoma mpaka kuku wanatembea kwa mdundo. Akapiga, wakacheza. Akapiga, wakacheza. Akapiga, wakacheza. Akaanguka. Kigango. Pengo lisilozibika. Gone too soon. Nyama imeiva?

Akafuata Tsuma wa marimba, kwenye harusi ya binti wa Mzee Mwaringa, tajiri wa kijiji. Akapiga, wakacheza. Akapiga, wakacheza. Akapiga... mnajua. Kigango. Pengo. Too soon. Nyama imeiva?

Watu wakatafuta sababu. Wengine wakasema ni jicho baya. Wengine wakasema majini ya mtoni yamempenda kwa ule mkono wake. Wengine wakasema Mungu huchuma maua mazuri, kana kwamba Mungu ana duka la maua. Hakuna aliyesema njaa. Njaa haikuwa na hadhi ya kutosha kumuua mtu maarufu.

Sasa Tsuma alikuwa na dada yake, jina lake Nyevu, na mkono wa Nyevu kwenye marimba ulikuwa mzuri kuliko wa kaka yake. Mama yao alikuwa Mbodze. Mbodze alikuwa ameficha vile vijiti vya kupigia chini ya mtungi wa maji. Siku moja Mzee Mwaringa akabisha hodi.

"Hodi, Mama Tsuma."

"Karibu. Lakini kama umefuata marimba, geuza."

"Sikufuata marimba. Nimefuata mpigaji. Kijana wangu anaoa."

"Mmoja nilishakupa, mzee."

"Na tulimchongea kigango kizuri! Hakuna kama kile."

"Kizuri, ndiyo. Lakini nikikiita hakiitiki."

Mzee Mwaringa akakohoa, akatazama miguu yake. "Mama, unaijua kanuni. Nyumba ya fundi ikikataa, haiazimwi hata moto. Mimi sikuitunga."

"Hakuna aliyeitunga. Kila mtu anaitumia tu."

Nyevu akatoka ndani. "Baba Mwaringa, nitakuja."

"Nyevu!"

"Mama, nimeshaviona vijiti. Chini ya mtungi. Mikono inaniwasha tangu kaka afe. Nataka kupiga. Sitaki kufa. Kwani hayo mambo mawili lazima yaende pamoja?"



Kesho yake asubuhi Nyevu akaenda mtoni kuchota maji. Akamkuta Fisi ameketi ukingoni, anasugua masufuria ya matanga kwa mchanga. Yale makubwa. Anasugua, anaimba puani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu."

"Nani amekufa?"

"Bado," akasema Fisi, na akaendelea kusugua.

Nyevu akashusha ndoo. "Bado nani?"

"Aa, ni maandalizi tu. Kiongozi makini hangoji dakika ya mwisho. Eti harusi ni kesho?"

"Kesho."

Fisi akamtazama mabega, kushoto mpaka kulia, kama seremala anavyoutazama ubao. "Kesho. Vizuri. Basi leo kula ushi... lo, samahani. Fundi hali."

Nyevu akajitwisha ndoo, na njiani akawa anawaza. Kwenye harusi ya Mangale, mchezaji wa mwisho alikuwa nani? Fisi. Kwenye harusi ya Ngowa? Fisi. Kwenye harusi ya Tsuma, wakati watu wote wameketi wanapepea, nani alibaki uwanjani na kiuno chake kibovu, anakanyaga kama mtu anayeua siafu? Fisi. Wala hapendi muziki! Hajui hata zamu ya mguu!

Alipofika nyumbani akamnong'oneza mama yake. Mbodze akashika kichwa.

"Mwanangu, usijitabirie!"

"Mama, wao wameshatabiri, mpaka masufuria wameosha. Mimi nataka tu nihudhurie."

Siku ya harusi ikafika. Jua limepanda, uwanja umejaa, bibi harusi amekaa kwenye kigoda, marimba imewekwa karibu na vile vigango. Mzee Mwaringa akamsogelea Nyevu, akamnusa mdomo kama desturi ilivyotaka.

"Mkavu. Hajala. Haya, piga!"

"Nitapiga," akasema Nyevu. "Nitapiga mpaka mseme wenyewe. Lakini nina ombi. Mangale mlimlilia, hakusikia. Ngowa mlimsifu, hakusikia. Kaka yangu mlimpikia, hakuonja. Mimi nataka matanga yangu kwanza. Nililieni sasa, nisikie. Halafu nitawapigia."

Uwanja ukachafuka. "Ni wazimu!" "Ni nuksi, mbele ya bibi harusi!" "Mtoto wa nani huyu?"

Lakini masikio ya Fisi yalisimama. Matanga leo? Ng'ombe wa harusi yuko jikoni tayari? Sahani ya kwanza bila kukatika kiuno kwa kucheza? Mate yakamjaa.

"Hoja nzuri! Naiunga mkono!"

"Mwenyekiti," akasema Mzee Mwaringa, "hili jambo halijawahi kuonekana."

"Mzee, ombi la marehemu halikataliwi. Mlazeni marehemu kwenye mkeka."

Ikawa hivyo. Nyevu akalala, akafunikwa leso. Mbodze akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha kuigiza, alikuwa na kile cha Tsuma ambacho hakijaisha. Watu wakakisikia, nao wakaanza kulia kweli.

Shangazi mmoja akasema, "Alikuwa mtoto wa heshima."

Jirani akasema, "Alitupigia bure, wala hakulalamika."

Mzee Mwaringa akasema, "Jamani, angekuwa hai tungempa chochote."

Leso ikainuka pembeni. "Chochote?"

"Marehemu, nyamaza!" akafoka Fisi. Akasonga mbele. "Itifaki imezingatiwa. Fundi wetu ameacha pengo lisilozibika. Gone too soon! Nyama imeiva?"

"Imeiva!"

Sahani ya kwanza ikaletwa. Wali mweupe, nyama juu, mchuzi unateremka pembeni. Ikawekwa karibu na mkeka. Watu wakarudi nyuma, kama desturi ilivyotaka. Fisi akalamba midomo, akangoja watu wageuke.

Nyevu akaketi. Akaomba maji. Akanawa mikono. Akala.

"Wee! Wee! Wee!" Fisi akaruka. "Marehemu hali!"

"Sahani ya kwanza ni ya nani?" Nyevu akawauliza watu.

"Ya marehemu," wakajibu.

"Na mwenyekiti aliniita nani, mbele yenu nyote?"

"Marehemu."

"Lakini uko hai!" Fisi akapiga kelele. "Kila mtu anaona! Uko hai kabisa!"

"Niko hai?"

"Uko hai!"

"Basi kama niko hai, mnamlilia nani? Na kama nimekufa, niacheni nile changu."

Akakata tonge jingine. Uwanja mzima unasikia anavyotafuna. Jasho jepesi likamtoka usoni, macho yakachangamka. Na watu wa Mwandoni, kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianze, wakamwona fundi akishiba. Mzee Mwaringa akamtazama, akageuka taratibu kwa Mbodze.

"Mama Tsuma. Kijana wako... mara ya mwisho alikula lini?"

"Jana yake alfajiri, kabla hajaanza kufunga kwa ajili ya ngoma ya binti yako. Nilimpa uji kwenye kibuyu. Akaacha nusu, akasema ataumalizia akirudi. Kile kibuyu ninacho mpaka leo."

Mzee Mwaringa akaketi chini, pale pale mchangani, na kanzu yake mpya. Kisha akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akapakua sahani nyingine kwa mkono wake, akamletea Nyevu.

Nyevu alipomaliza, akanawa, akashika vijiti.

Haya, msikilize! Vidole havikulala. Vilikuwa vimelala siku zote, sasa ndiyo viliamka! Bibi harusi akatupa kigoda. Bibi wa mgongo akatafuta leso. Na Fisi naye akaingia uwanjani kwa hasira, akisema moyoni, nitakuwa wa mwisho tu, kama kawaida, tutaonana. Lakini safari hii Fisi hakuwa amekula, maana chakula chake kilikuwa ile sahani.

Nyevu akapiga, wakacheza. Wenye busara wakaketi. Akapiga, wakacheza. Vijana wakaketi. Akapiga, Fisi akacheza peke yake, ulimi nje, kiuno kimepinda, mguu mmoja unauliza mwingine njia. Akapiga tena. Kiuno kikasema *kwa!* na Fisi akaketi chini, *pu!*

Ngoma imeisha!

Na watu hawakujua la kufanya. Hawajawahi kuona ngoma ikiisha na fundi amesimama. Wakamkodolea macho Nyevu, wanangoja. Ataanguka? Nyevu akaweka vijiti chini. Akajinyoosha. Akapiga mwayo mrefu mpaka wakaona jino la mwisho.

"Nina usingizi," akasema. "Mama, twende."

Akaenda kwa miguu yake miwili. Kijiji kizima kikashusha pumzi kwa pamoja, hata majani ya minazi yakatikisika, na mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Mbodze alicheka njia nzima, machozi yanamtiririka. Alipofika nyumbani alichukua kile kibuyu, akakiosha, akapika uji mpya, akaujaza humo.

Ndoa haikuvunjika. Wale wawili waligombana kama kawaida na wakazaa watoto wakorofi.

Na Nyevu? Alizeeka! Nyevu alizeeka mpaka raha. Nywele zikawa nyeupe, meno yakaaga moja moja, akawa analalamikia magoti na bei ya tumbaku. Mwishoni alikuwa anakosea nyimbo, anarudia palepale mara tatu, na watu wa Mwandoni wanatabasamu tu, maana walikuwa hawajawahi kumsikia fundi mzee akikosea, na waligundua kwamba hakuna muziki mtamu kama huo. Fisi mpaka leo anatembea kiuno chini. Na watoto wanaruka kamba. Itikieni, safari hii kwa nguvu:

Fundi anakula lini?
*Kwanza!*
Fundi anakula lini?
*Kwanza!*
Ngoma inaisha lini?
*Fundi akichoka!*

Hadithi yangu imekula, imenawa, imelala. Mimi ndiye sijalala.

Nyinyi wenye harusi, wenye majukwaa, wenye redio, na wewe mwenyekiti ambaye masufuria yako yameshang'aa: yupo fundi anawapigia sasa hivi, juu ya tumbo tupu. Hotuba zenu kaeni nazo. Mashada yenu yapelekeni kwa mbuzi. Mleteeni sahani yake leo, akiwa ameketi, akiwa na meno ya kutafunia.