Betri ya Mwalimu Kingori

Masika ya mwaka wa 1981 yalikuwa yameigeuza barabara ya Endarasha kuwa uji wa matope. Kila jioni baridi ya Nyandarua iliwafukuza watu mashambani, kila mtu akakimbilia moto wa nyumbani kwake, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi watu walijazana kwa Mwalimu Kingori. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na televisheni kijijini, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na gari. Umeme haukuwa umefika huko. Kwa hiyo mwalimu aliing'oa betri ya pikapu yake, akaibeba hadi sebuleni na kuiunganisha na televisheni ili watazame kipindi cha maswali na majibu.

Kingori hakutazama tu, alishindana. Alikaa na ubao mdogo na chaki, na swali lilipoulizwa, aliandika jibu kabla yeyote kule studioni hajafungua kinywa. Jirani yake Wamae, mkulima wa viazi, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kwa majuma kumi na moja mfululizo mwalimu hakuwa amekosa swali hata moja. Watu walimvika kilemba cha ukoka wakamwita Profesa, naye, maskini, akakikaza kichwani.

Mkewe, Waithira, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimetimia. Alipomzaa binti yao wa kwanza, Murugi, alikuwa amepasuliwa. Nesi wa zahanati alikuwa amemwonya mwalimu waziwazi: "Huyu akishikwa na uchungu, msingoje. Mpelekeni hospitali Nyeri saa hiyo hiyo. Kile kidonda cha zamani kinaweza kupasuka ndani." Kingori aliitikia kwa kichwa. Alielewa kila neno, maana kuelewa hakukumshinda kamwe.

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, mama yake mzazi, Ngendo, alimkuta akiifungua betri kwa spana.

"Kingori, leo wacha hiyo betri kwa gari," Ngendo alisema. "Bibi yako hajakula tangu asubuhi. Mimi nimezaa watoto saba. Hiyo uso naijua."

"Ni kipindi kimoja tu, mami. Kukiwa na shida nairudisha kwa dakika tano."

"Na ikikataa?" Waithira aliuliza kutoka mlango wa jikoni, mkono kiunoni. "Baba Murugi, juzi ulipowasha gari ilikohoa mara nne. Hiyo betri imechoka."

Kingori alicheka. Alichukua ubao wake, akaandika nguvu ya betri, akaandika nguvu inayoliwa na televisheni, akagawanya, kisha akapiga mstari chini ya jibu. "Masaa kumi! Inaweza kuwasha televisheni masaa kumi na gari bado iwake. Hesabu haidanganyi, Mama Murugi."

Hesabu ilikuwa sahihi kwa betri mpya. Hiyo yake ilikuwa na miaka minne, na kwa sababu ya matope gari lilikuwa halijaenda popote kwa wiki mbili. Waithira, aliyeishia darasa la tatu, alikuwa amelisikia likikohoa na akaelewa. Mumewe alikuwa amelisikia pia, lakini hakuona mahali pa kuandika kikohozi kwenye ubao.

Kipindi kilianza sebule ikiwa imejaa hadi mlangoni. Mji mkuu wa Mongolia? Kingori aliandika Ulan Bator. Mto gani hupita Baghdad? Akaandika Tigri. Wamae alinyoosha kidole juu kila mara, na watu wakapiga makofi. Ndipo Waithira alipoingia akishikilia ukuta.

"Baba Murugi, imeanza."

"Imebaki maswali matatu," alijibu bila kugeuka. "Nimesoma kwa kitabu, uchungu huchukua masaa mengi."

"Twende sasa. Hii si kama ya Murugi."

"Matatu tu, Mama Murugi!"

Na tusimwonee mwalimu peke yake. Sebule nzima ilimsikia mwanamke yule, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Wote walitaka kuona juma la kumi na mbili. Kingori alijibu la kwanza, akajibu la pili, akajibu la tatu. Makofi yalikuwa bado yanalia Ngendo alipopiga ukemi. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye viatu vya Waithira.

Sasa mbio zikaanza. Kingori aliirudisha betri garini. Alipozungusha ufunguo, gari liliguna mara moja tu, likanyamaza. Wanaume walilisukuma, magurudumu yakazidi kuzama topeni. Wamae alikimbia kumwomba trekta tajiri mmoja wa viazi ng'ambo ya mto, na ikapita saa nzima kabla ya trekta hiyo kufika ikivuta trela.

Walimlaza Waithira juu ya magunia. Ngendo alikipakata kichwa chake, na Kingori akashikilia turubai kwa mkono mmoja mvua isimnyeshee, na kwa wa pili akamshika mkono. Trekta haijui kukimbia, hata ukiililia. "Murugi afunikwe vizuri," Waithira alisema. "Usiku huwa anajifunua." Walipoupita mji wa Mweiga, mkono wake ulilegea katika mkono wa mumewe. Ngendo aliuona, akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Hospitalini daktari alimpima, akamfunika shuka yeye na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Kisha akamgeukia Kingori.

"Mlijua alipasuliwa mara ya kwanza?"

"Tulijua."

"Mliambiwa msingoje?"

"Tuliambiwa."

"Sasa, Mwalimu, mlikuwa mnangoja nini?"

Ni Ngendo aliyemjibia, akiwa ameketi kwenye benchi na kanga ya mkaza mwanawe imelowa damu mapajani pake.

"Alikuwa anajibu maswali, daktari."

Akili nyingi huondoa maarifa.