Baba wa Bibi Harusi na Handibreki

Wapendwa, sogeeni nisikike. Mfano huu mtaucheka, kisha nitawauliza mnamcheka nani.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake wa pekee. Furaha ilimjaa hata usingizi ukamkimbia siku tatu. Gari la kukodi akalikataa katakata. Mwanangu nitampeleka kanisani mwenyewe, akasema. Asubuhi akaliosha gari lake kuukuu, akalipamba kwa riboni, akaona heri akaze na nati za magurudumu ya nyuma. Akakaza, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili, akarukaruka. Nani angemzuia? Alikuwa na harusi.

Nusu ya safari, gurudumu moja la nyuma likaanza kucheza. Wakajikokota hadi gereji ya kando ya barabara, na pikapu ya akina mama waliowasindikiza nyuma yao, vigelegele juu kwa juu. Fundi akapiga jeki, akafungua, akakuta stadi mbili kati ya nne zimekatika, vile vyuma vinavyoshika gurudumu.

"Mzee, stadi haiingii kwa mbele," akasema. "Inaingizwa kwa nyuma. Lazima kwanza nivue dramu ya breki."

"Muda gani, mwanangu? Tusipofika kabla ya saa kumi, mchungaji anaondoka kwenda mtaa mwingine. Tukimkosa, harusi hakuna."

"Nusu saa. Matairi ya mbele nimeyawekea mawe, gari haliendi popote. Shusha handibreki, isiibane dramu."

Baba akainama mlangoni, nusu ya mwili ndani, akashusha. Gari likatikisika kidogo juu ya jeki. "Tayari," akaitikia.

Fundi akagonga dramu. Haitoki. Akagonga tena, jasho likamtoka. Dramu imeng'ang'ania. Baba pale mlangoni anaitazama saa, anaona harusi ya mwanawe inayeyuka.

"Wewe ni fundi wa magari au wa milango?" akafoka.

Akina mama wakashuka kwenye pikapu, wakaanza maombi. Shangazi mmoja mwenye sauti nzito akainyooshea kidole ile breki: "Toka, dramu, kwa jina la Yesu." Mnacheka? Hata nyumbani kwenu mnakemea hivyo hivyo.

Ndipo bibi harusi, gauni amelikunja mkononi lisiguse oili, akazunguka hadi ubavuni kwa baba yake, akachungulia ndani.

"Baba," akasema taratibu, "umeshika nini?"

Yule mzee akautazama mkono wake. Handibreki ilikuwa juu, imevutwa hadi mwisho, na vidole vyake vimeikamata mpaka vimepauka.

"Lilitikisika, mwanangu," akasema. "Niliogopa litaanguka nikupotezee siku yako."

"Si fundi amesema ameweka mawe?"

Akaachia. Fundi akagonga mara moja, dramu ikamwangukia mikononi. Zile stadi za zamani zikatolewa, mpya zikapitishwa kwa nyuma zikavutwa hadi zikakaa, na saa kumi kasoro dakika tano bibi harusi alikuwa anapanda ngazi za kanisa. Kwaya ilikuwa imerudia wimbo ule ule mara nne.

Sasa nawauliza. Ni nani aliyeitaka ile harusi kuliko yule baba? Na ni nani aliyekuwa akiizuia?

Ndiyo sisi hao. Tunamwita Bwana atengeneze yaliyokatika ndani yetu, kule nyuma ambako hakuna anayeona. Anakuja. Mawe ameshaweka. Tunashusha, tunaitikia "tayari" kwa sauti ya ibada, halafu maisha yanatikisika kidogo na mkono unarudi pale pale. Mmoja ameshika kinyongo dhidi ya ndugu yake wa tumbo moja. Mwingine amemshika mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mimi nilishika cheo miaka sita, nikifunga na kuomba kanisa likue. Kisha tunamfokea Fundi kwamba amechelewa.

Basi kabla hujaanza kumkemea mtu leo, kabla hujauliza mbona maombi yako hayajibiwi, teremsha macho uutazame mkono wako. Wewe uliyeketi hapo, umeshika nini?